Boksi la breka ndani ya ukuta: mambo ya kujua kabla lipu haijapigwa

Wasikilizaji wengi mnaojenga nyumba za tofali mmekuwa mkituuliza kuhusu boksi la breka, lile ambalo mafundi wanaliita DB. Likae juu ya ukuta au lizamishwe ndani? Likizamishwa, ukuta hautadhoofika? Nani achimbe tundu lake, mwashi au fundi umeme? Makala hii inajibu maswali hayo hatua kwa hatua. Isome taratibu, ihifadhi kwenye simu, na siku ya kazi mwonyeshe fundi.

Tuweke jambo moja wazi mapema. Kuchimba tundu, kusimika boksi tupu na kupiga lipu ni kazi inayoweza kufanywa na mwashi mzuri. Kuingiza nyaya, kufunga breka na kupima ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Makala hii haikufanyi kuwa fundi umeme. Inakupa macho ya kusimamia kazi nyumbani kwako, kwa sababu ukuta ukishapigwa lipu, kilichofichwa ndani hukioni tena mpaka siku kitakapoleta madhara.

Boksi hili linafanya nini

Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Unatoka kwenye nguzo, unapita kwenye mita ya LUKU, kisha unaingia kwenye boksi la breka. Humo ndimo unamogawanywa kwenda kwenye taa, soketi, jiko na pampu.

Ukifungua boksi utakuta vitu vinne vya msingi.

Cha kwanza ni swichi kuu. Ukiishusha, nyumba nzima inazimika.

Cha pili ni breka ndogo ndogo, kila moja na njia yake. Breka inalinda waya. Waya ukibebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, au nyaya zikigusana, breka inakata.

Cha tatu ni kifaa kilichoandikwa RCD au RCCB, chenye kitufe cha alama ya T. Hiki kinalinda mtu. Umeme ukianza kuvuja, kwa mfano kupitia mwili wa mtoto aliyegusa waya uliochubuka, kinakata kwa muda mfupi sana. Angalia maandishi usoni mwake: kwa ajili ya kulinda watu kinatakiwa kiwe cha 30 mA, au 0.03 A, ambayo ni kiasi kilekile. Mafundi wengine hukiacha ili kupunguza gharama. Usikubali. Breka ya kawaida haitambui mtu anayepigwa na umeme, kwa sababu umeme unaotosha kuua ni mdogo mno kuliko ule unaoishtua breka.

Cha nne ni vipande viwili vya shaba vyenye skrubu: kimoja cha nyaya za nyutro, kingine cha nyaya za ethi.

Juu ya ukuta au ndani ya ukuta?

Yapo maboksi ya aina mbili. La kwanza linafungwa juu ya ukuta kwa skrubu. La pili linazama ndani, mlango wake tu ndio unaonekana. Ukienda dukani taja unalotaka, kwa sababu hayabadilishani. La kuzamisha lina fremu ya mbele iliyo pana kidogo kuliko boksi lenyewe, ili ifunike ukingo wa tundu.

Boksi la kuzamisha lina faida zake. Halijitokezi, watu hawaligongi, nyaya zote zinafika kwake zikiwa ndani ya mabomba, na ukuta unabaki safi. Lakini linahitaji ukuta mnene.

Hebu tupige hesabu. Maboksi mengi yana kina cha sentimita 7 hadi 9. Tuseme lako ni sentimita 8. Lipu itameza kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo ndani ya tofali utachimba takribani sentimita 7, ukiacha nafasi kidogo ya udongo wa saruji nyuma.

Ukuta wa tofali za nchi 6 una unene wa sentimita 15. Unabakiwa na kama sentimita 8. Hapo hakuna shida.

Ukuta wa tofali za nchi 5 una sentimita 12 na nusu. Unabakiwa na kama 5. Inawezekana, kwa uangalifu.

Ukuta wa tofali za kuchoma zilizopangwa mstari mmoja una takribani sentimita 10. Unabakiwa na 3 tu, na patasi ikikosea kidogo inatokea upande wa pili. Hapo chagua boksi la juu ya ukuta, au tafuta sehemu ya nyumba ambako tofali zimepangwa mistari miwili.

Nyumba ya tofali mbichi au ya miti na udongo haifai kabisa kwa boksi la kuzamisha. Udongo unanyonya unyevu, mchwa wanapita ndani yake, na tundu linazidi kumomonyoka. Kwa nyumba ya namna hiyo, au nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili, kuna kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachokuja na swichi na soketi zake. Kinafungwa juu ya ukuta bila kuchimba chochote.

Likae wapi?

Chagua ukuta wa ndani ya nyumba, karibu na pale waya wa kutoka kwenye mita unapoingilia. Sebule au korido ndiyo mahali pazuri. Simama mbele ya ukuta huo ujiulize maswali haya:

Usiku umeme ukikatika, nitalifikia bila kuruka vitanda na magunia? Kama jibu ni hapana, sogeza.

Mlango ukifunguliwa wote, utalifunika? Sogeza.

Upande wa pili wa ukuta kuna bafu, choo au bomba la maji? Sogeza. Unyevu unapenya kwenye tofali na kuozesha skrubu za boksi.

Ukuta unapigwa na mvua ya masika? Sogeza.

Juu ya jiko je, mahali penye moshi na mvuke? Sogeza.

Kwa kimo, lenga usawa wa macho ya mtu mzima, kama mita moja na nusu kutoka sakafu iliyokamilika. Mtu mzima alifikie bila kupanda kigoda, na mtoto mdogo asilifikie.

Usichimbe kwenye nguzo ya zege, wala pale lenta ya mlango au dirisha inapoegemea. Sehemu hizo zimebeba uzito wa paa. Kaa mbali na kingo za mlango, angalau urefu wa tofali moja.

Ukubwa wa boksi

Maboksi yanauzwa kwa idadi ya njia. Usinunue kabla ya kuhesabu. Mfano wa nyumba ya vyumba vitatu na sebule: taa njia mbili, soketi njia mbili, jiko la umeme njia moja, pampu ya maji njia moja. Hizo ni sita. Ongeza mbili za akiba, kwa sababu kesho utataka kujenga banda la kuku lenye taa au kununua friji kubwa. Zinakuwa nane.

Hapo kuna mtego. Swichi kuu huchukua nafasi mbili, na RCD huchukua nafasi mbili nyingine. Muulize muuzaji kama zile njia nane ni mbali na nafasi za vifaa hivyo au pamoja navyo. Ukikosea hapa baada ya boksi kusimikwa, dawa ni kubomoa.

Kuchimba tundu na mifereji

Kama ukuta bado unajengwa, njia bora ni mwashi kuacha tundu tangu mwanzo, na kuweka juu yake lenta ndogo ya zege yenye nondo mbili. Ukuta hautaumia hata kidogo.

Kama ukuta umeshasimama, wakati wa kuchimba ni baada ya paa kuezekwa na kabla ya lipu. Kama nyumba tayari ina umeme, uzimwe kwanza, na fundi ahakikishe kwa kipimo kwamba umezimika.

Weka boksi ukutani, lisawazishe kwa pima maji, kisha chora kulizunguka kwa penseli. Chora mstari mwingine sentimita moja na nusu hadi mbili nje ya ule wa kwanza. Huo ndio utakaokatwa. Kata pande zote nne kwa grenda, kisha ondoa katikati kwa patasi na nyundo ndogo, kidogo kidogo. Mwashi anayeanza na nyundo kubwa analegeza tofali za jirani, na nyufa unazoziona miaka miwili baadaye zinaanzia hapo. Avae miwani na kitambaa cha pua, kwa kuwa vumbi la tofali na saruji linaharibu mapafu.

Mifereji ya mabomba ina kanuni zake za kulinda ukuta. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta. Mfereji wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa sentimita 15, hiyo ni sentimita 5 kwa wima na 2 na nusu kwa kulala. Kwa ukuta wa sentimita 12 na nusu, ni kama 4 kwa wima na 2 kwa kulala. Bomba la umeme la milimita 20 peke yake linajaza sentimita 2. Unaona mwenyewe kwamba mfereji wa kulala hauna nafasi ya kutosha. Ndiyo maana fundi mzuri hupandisha mabomba yote wima hadi juu ya dari, huyasambaza huko, kisha huyashusha wima kwenye kila swichi na soketi.

Usikubali mfereji wa mshazari, hata kama unaokoa mita mbili za bomba. Mtu akitaka kupigilia msumari wa saa au picha, anadhani waya unapita juu, chini au pembeni ya soketi kwa mstari ulionyooka. Waya wa mshazari unakutana na msumari mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Tena, usichimbe mifereji miwili inayotazamana, mmoja ndani na mwingine nje ya ukuta uleule.

Kusimika boksi

Kwanza toa breka zote na vifaa vya ndani, uviweke mahali pakavu. Udongo wa saruji ukiingia kwenye breka, itupe.

Boksi lina vitobo vilivyokatwa nusu kiwandani. Fungua vile tu utakavyotumia. Ingiza mabomba na uyafunge kwa kufuli zake za plastiki, ili ukingo mkali usikwaruze waya. Kwa boksi la chuma jambo hili ni la lazima.

Sasa linakuja kosa linaloonekana katika nyumba nyingi. Uso wa boksi unatakiwa ulingane na lipu iliyokamilika, siyo na tofali. Ukilisawazisha na tofali, lipu ikipigwa boksi linazama na mlango haufunguki vizuri. Likijitokeza sana, fremu inaacha mwanya ambao mijusi na sisimizi wanaingilia. Muulize mwashi lipu itakuwa na unene gani, kisha bandika pande mbili za tundu vipande vya mbao vya unene huohuo. Laza ubao ulionyooka juu ya vipande hivyo. Uso wa boksi uguse ubao. Mwishowe hakikisha kwa pima maji kwamba boksi halijainama.

Kabla ya kujaza udongo, fanya mambo mawili. Jaza boksi karatasi au nailoni lisiingie uchafu, na kaza ndani yake kijiti cha mbao kutoka upande hadi upande. Saruji inapojazwa pembeni inasukuma kuta za boksi, na la plastiki linajikunja katikati. Likikauka hivyo, breka hazikai na kifuniko hakifungi.

Lowesha tundu kwa maji, weka udongo wa saruji moja kwa mchanga nne, lisukume boksi mahali pake na ujaze pembeni zote bila kuacha uwazi. Liache angalau siku moja bila kuguswa. Kabla ya lipu, funika maungio ya tofali na udongo mpya kwa wavu wa kuku, upana wa kiganja kila upande. Wavu unazuia ule ufa unaozunguka boksi kama fremu ya picha.

Piga picha kabla ya lipu

Hatua hii haina gharama. Kabla ya lipu, piga kwa simu picha ya kila ukuta wenye bomba, na futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Watumie picha hizo watu wawili wa familia, simu ikipotea zisipotee. Miaka kumi ijayo atakayetaka kutoboa ukuta atajua bomba liko wapi.

Nyaya na breka

Hapa mwashi anaondoka, fundi umeme anaingia. Wewe simama pembeni ukiwa na orodha hii.

Taa: waya wa 1.5, breka ya ampea 6 au 10.
Soketi zilizounganishwa kwa mstari mmoja: waya wa 2.5, breka ya ampea 20 au pungufu.
Jiko la umeme: waya wa 6, breka ya ampea 32.

Namba hizo za waya ni milimita za mraba, na zimeandikwa kwenye ganda la waya. Sababu ya kulinganisha ni hii: breka ya ampea 10 inapitisha wati 2,300 hivi, kwa kuwa volti 230 mara ampea 10 ni 2,300. Ukitumia kwenye njia moja birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, jumla ni 3,200 na breka itakata. Mtu mwenye haraka anatoa breka ya 10 anaweka ya 32. Breka inanyamaza, naam, lakini waya wa 1.5 unaendelea kuchemka ndani ya bomba, ndani ya ukuta, karibu na mbao za dari. Moto unaanzia hapo.

Rangi za nyaya madukani ni za aina mbili. Za mfumo wa zamani: nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Za mfumo mpya: kahawia ni wa moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Fundi achague mfumo mmoja na abaki nao nyumba nzima.

Usikubali waya uliounganishwa katikati ya bomba. Waya utoke mzima kutoka kwenye boksi hadi kwenye swichi, soketi au kiboksi cha maungio kinachofunguka. Nafasi za breka zisizotumika zizibwe kwa vifuniko vyake, kwa sababu kidole cha mtoto kinapenya hapo.

Waya wa ethi unatoka kwenye boksi hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, futi 4 au zaidi, mahali ambapo ardhi haikauki sana. Boksi la chuma nalo lifungwe ethi. Bila ethi, waya ukichubuka na kugusa chuma cha friji, chuma hicho kinabaki na umeme, kikimsubiri wa kwanza kukigusa.

Kama una umeme wa jua wa volti 12, njia zake zisiingizwe kwenye boksi hili. Breka za umeme wa nguzo hazikutengenezwa kukata umeme wa betri.

Kabla ya kuwasha

Mwombe fundi apime mbele yako. Kipimo cha nyaya kuvuja hakitakiwi kushuka chini ya megaomu 1. Apime pia ethi. Umeme ukishaunganishwa, bonyeza kile kitufe cha T: RCD ianguke papo hapo. Isipoanguka, haifai. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache.

Kisha kila breka iandikiwe kazi yake kwa Kiswahili kinachosomeka: taa za sebule, soketi za chumbani, jiko. Watoto wakubwa wafundishwe swichi kuu iko wapi.

Kuunganishwa na TANESCO kijijini, kwa umeme wa njia moja, kumekuwa shilingi 27,000, lakini gharama za nyaya za ndani ni zako. Wengi wanabana pesa kwenye boksi ili zibaki za televisheni. Geuza hesabu hiyo. Televisheni unaweza kununua baada ya mavuno yajayo.

Dalili za hatari

Kifuniko kuwa cha moto, harufu ya plastiki kuungua, mlio kama wa nyuki, au breka ileile kukata kila mara: shusha swichi kuu na umwite fundi. Usirudishe breka zaidi ya mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe unaweza kuwa umeungua.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Moto ukitokea kwenye boksi, usimwage maji. Toa watu nje na upige 114, namba ya Zimamoto.

Swali lako kuhusu nyumba yako litume kwa ujumbe mfupi, ukitaja aina ya tofali na unene wa ukuta. Tutalipeleka kwa fundi mwenye leseni, na jibu lake utalisikia hewani.